Mti wa Mpakani

Nyuma ya nyumba niliyoishi kwa zaidi ya miaka 30, katika mji wa Peterborough nchini Uingereza, kuna meza niliyoiunda mwenyewe kwa mbao chakavu. Juu ya meza hiyo, ndani ya chungu kipana kisicho na kina, umekaa mti wenye urefu wa sentimita 58. Shina lake ni nene kama paja la mtoto, limepinda, lina pango katikati, na upande mmoja halina gome kabisa. Atakayeuona mwezi wa Januari atadhani ni kisiki kilichosahauliwa na wajenzi. Lakini aje mwezi wa Mei, ataukuta umejaa maua meupe hata majani hayaonekani.

Ndugu na marafiki wanaonitembelea kutoka nyumbani Tanga hawakosi kuniuliza: "Mti mzee kama huu, mbona umeudumaza? Ulikukosea nini?" Kwa miaka mingi nimelijibu swali hilo kwa mzaha. Sasa nimestaafu, nafunga mizigo ya kurudi Muheza, na mti hauwezi kufuatana nami. Kwa hiyo naona ni wajibu kulijibu swali lile kwa ukamilifu, walau mara moja. Nakuomba msomaji univumilie, maana jibu lenyewe linaanza mbali. Linaanza na ardhi, na watu waliofungiwa nje ya ardhi hiyo.

Waingereza huuita mti huu hothoni. Jina lake la kitaalamu ni Crataegus monogyna. Kwetu hauoti, lakini kazi yake kila mtu wa kwetu anaijua. Tunayo michongoma, tunayo minyaa. Mtu akitaka kuzuia mbuzi wasiingie shambani, au akitaka jirani ajue mwisho wa eneo lake, hupanda safu ya miti ya namna hiyo, akaikata vichwa mara kwa mara, nayo ikafungamana ikawa ukuta ulio hai. Hothoni ndio mchongoma wa Waingereza. Una miiba mikali, majani madogo yaliyochongeka pembeni, maua ya mwezi wa Mei, na matunda mekundu madogo yanayoliwa na ndege wakati wa baridi. Kadiri unavyoukata ndivyo unavyochipua. Hata kisiki kizee kikikatwa karibu na ardhi, macho mapya huamka chini ya gome lake.

Sifa hiyo ya kuvumilia panga ndiyo iliyouingiza mti huu katika historia.

Zamani, katika sehemu kubwa ya Uingereza ya kati, mashamba ya kijiji hayakuwa na ua. Kila mkulima alikuwa na vipande virefu vyembamba vilivyochanganyika na vya wenzake katika konde kubwa moja. Kando ya makonde kulikuwa na malisho na vichaka ambako hata maskini asiye na kipande chochote aliweza, kwa mila, kulisha ng'ombe mmoja au mabata bukini wachache, na kukata kuni za kupikia. Kisha wenye ardhi nyingi wakaona kwamba faida ingekuwa kubwa zaidi kama vipande vingeunganishwa, malisho ya wote yakagawanywa, na kila mwenye hati akapewa eneo lake peke yake. Wakapeleka miswada Bungeni. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua. Sheria hizo ziligusa takriban ekari milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya ardhi yote ya Uingereza, ukiacha Wales na Scotland. Nyingi zilipitishwa katika miaka 80 hivi, kuanzia katikati ya karne ya 18.

Mambo yalikwenda hivi. Sheria ya kijiji ikishapita, walikuja makamishna na wapima ardhi. Walisikiliza madai, wakachora ramani, wakagawa. Aliyekuwa na hati alipata. Aliyekuwa akitumia malisho kwa sababu babu yake na babu wa babu yake walitumia, mara nyingi hakupata kitu, kwa kuwa mila haina karatasi. Na hata yule aliyepata kieneo kidogo aliamriwa akizungushie ua kwa gharama yake mwenyewe katika muda uliowekwa. Ua una gharama: kuchimba mtaro, kuinua tuta, kununua miche, kuweka uzio wa mbao wa kuilinda miche mpaka ikomae. Wadogo wengi walishindwa, wakauza, wakawa vibarua katika ardhi waliyokuwa wakiilima.

Miche yenyewe ilikuwa ya hothoni. Wenye bustani za miche waliikuza kwa wingi mno, kwa sababu hakukuwa na mti mwingine uliofaa kama huo. Ulikuwa rahisi, ulikua upesi, ng'ombe hawakuweza kuupenya, na uliishi miaka mingi bila kuomba chochote ila kukatwa. Kwa hiyo hizo nyua nzuri ambazo mgeni akipita na treni huziona zikigawanya mashamba ya kijani kibichi, na akadhani zimekuwapo tangu enzi za Nuhu, nyingi zina umri wa miaka 200 hadi 260 tu. Mtaalamu mmoja aitwaye Max Hooper alifundisha njia ya kukadiria umri wa ua: hesabu aina za miti katika hatua 30 za ua, na kila aina moja ni kama karne moja. Si kanuni isiyokosea, lakini yafaa. Ua wa kale una aina saba au nane. Ua wa sheria za Bunge una hothoni, halafu hothoni, halafu hothoni.

Kilomita kumi hivi kutoka nyumbani kwangu kuna kijiji cha Helpston. Hapo ndipo alipozaliwa mshairi John Clare mwaka 1793, mtoto wa kibarua. Sheria ya kuzungushia ua kijiji chake ilipita mwaka 1809, naye akiwa kijana wa miaka 16. Aliandika mashairi ya uchungu mkubwa juu ya njia zilizofungwa, miti mikongwe iliyokatwa na mbuga alizochezea zilizogawanywa. Jambo lililonigusa zaidi ni hili: Clare mwenyewe, kwa kuwa alikuwa maskini na alihitaji ujira, aliajiriwa kuweka uzio na kupanda safu za hothoni. Mikono iliyoandika maombolezo ndiyo iliyopanda miiba. Baadaye alipatwa na maradhi ya akili. Mwaka 1841 alitoroka hospitalini karibu na London, akatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 120 kurudi kwao. Lakini hakukaa sana. Alipelekwa hospitali ya Northampton, na huko akafia mwaka 1864. Mimi kazi yangu ilikuwa uuguzi wa watu wa namna yake, na mara nyingi usiku wa zamu nilimfikiria: mtu anayetembea siku nne kurudi mahali ambapo mwenyewe alisaidia kupafunga.

Haya yote sikuyajua nilipofika Uingereza mwaka 1989. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mzee aliyekuwa fundi wa kulaza nyua. Kwetu mtu hamwiti mzee kwa jina, nami sikuweza kuuzoea mtindo wa Waingereza, basi nikawa namwita "Mzee" kwa Kiswahili. Alipojua maana yake alifurahi, akawa anajitambulisha hivyo kwa wenzake. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku ya tatu alinipa panga, panga lile lao lenye ncha iliyopinda kama mundu, akanichukua kwenda kumsaidia.

Kulaza ua ni kazi ya majira ya baridi, wakati miti haina majani. Fundi hukata shina karibu na ardhi kwa mshazari, karibu lote, akabakiza ukanda mwembamba wa gome na mti mbichi, usiozidi unene wa kidole. Kisha hulilaza shina zima kwa upole, likaegemea jingine lililolazwa kabla yake, akalishikiza kwa mambo. Mara ya kwanza nilipoona nilisema, "Mzee, umeuua." Akajibu kwamba mti hauhitaji zaidi ya ukanda ule ili kuishi, na kwamba ifikapo Juni kisiki kitakuwa kimetoa machipukizi kumi yaliyonyooka. Akaongeza kwamba ua usiolazwa huwa wazi miguuni na kufa kwa uzee, bali ua unaolazwa kila baada ya miaka 15 au 20 haufi. Nilirudi mwezi wa Juni kuhakikisha. Nilihesabu machipukizi 14.

Mnamo Februari 1996 Mzee alikuja kunigongea mlango. Mwenye shamba mmoja alikuwa anang'oa ua mrefu ili ashikanishe mashamba mawili, kwa kuwa mashine za kisasa za kuvunia hazipendi kona. Jambo hilo lilikuwa la kawaida. Tangu baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ilitaka chakula kingi, na kwa miaka mingi ilitoa hata ruzuku ya kung'olea nyua. Maelfu kwa maelfu ya kilomita yalitoweka. Mzee alikuwa ameulaza ua ule mara mbili katika maisha yake, na baba yake kabla yake. Alisimama pembezoni akiitazama mashine ikiuvuta, mikono mifukoni, hakusema neno. Mwaka uliofuata, 1997, ilitoka kanuni ya kuzuia nyua nyingi za mashambani kung'olewa bila kibali cha halmashauri. Kwa ua ule kanuni ilichelewa mwaka mmoja.

Tulimwomba mwenye shamba ruhusa ya kuchukua visiki viwili, maana kung'oa mmea wa porini bila idhini ya mwenye ardhi ni kosa kisheria. Alicheka, akasema tuchukue vyote. Tulifanya kazi hadi giza. Kisiki kimoja kilichokuwa kimekatwa na mashine nilikihesabu miviringo ya umri kwa kalamu. Nilifika 140, kisha iliyobaki ikapotea ndani ya uozo. Kingine, chenye pango na shina lililopinda mahali Mzee alipolilaza, nilikileta nyumbani ndani ya gunia lenye maji.

Sasa nifike kwenye bonsai. Neno hili ni la Kijapani, na maana yake ni kitu kilichopandwa katika sahani. Lakini Wajapani wenyewe waliipokea sanaa hii kutoka China. Katika kaburi la mwana wa mfalme wa China lililojengwa mwaka 706 kuna mchoro ukutani wa watumishi waliobeba mimea midogo kwenye sahani. Wajapani waliinyoosha sanaa hiyo kwa karne nyingi, na Waingereza wengi waliiona kwa mara ya kwanza katika maonyesho makubwa ya Japani na Uingereza yaliyofanyika London mwaka 1910. Kwa muda mrefu mtu wa Ulaya aliyependa bonsai alinunua miti iliyoletwa kutoka Japani. Baadaye wapenzi wa sanaa hii wakang'amua kwamba katika nyua zao wenyewe kuna mashina ambayo Mjapani angeyatafuta milimani kwa wiki nzima. Wajapani huita mti uliochukuliwa porini yamadori, na huuthamini kwa sababu upepo, theluji na njaa vimekwisha kuupa umbo. Hothoni wa ua umepewa umbo na kitu kingine. Umepewa na panga la kibarua.

Niliipata elimu hiyo katika chama cha wapenzi wa bonsai kilichokutana kila mwezi kwenye ukumbi wa kanisa. Naieleza kwa kifupi kwa ajili ya atakayependa kujaribu. Kisiki hung'olewa mwishoni mwa majira ya baridi, kabla macho hayajafumbuka. Mizizi minene inayokwenda chini hukatwa, na mizizi myembamba iliyo karibu na shina hutunzwa kama mboni ya jicho, kwa kuwa ndiyo itakayokunywa. Kisha hupandwa ndani ya sanduku lenye changarawe nyingi, ili maji yapite na hewa iingie, na huachwa. Hapo ndipo wengi hushindwa. Kwa miaka miwili au mitatu hukati kitu, hupindi kitu. Unamwagilia na kungoja.

Wangu ulinitisha. Aprili ilipita, Mei ikapita, nyua zote za wilaya zikawa nyeupe kwa maua, kisiki changu kikakaa kimya kama kigingi. Mzee alikuja, akakwangua gome kidogo kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani. "Hajafa," alisema, "anafikiri." Jicho la kwanza lilifumbuka tarehe 19 Juni. Nilimpigia simu Mzee saa kumi na mbili asubuhi, na mke wangu akaniambia kwamba hata watoto wetu walipozaliwa sikupiga simu mapema hivyo.

Mti ukishika, kazi ya kuupa umbo ina njia mbili. Ya kwanza ni waya. Tawi changa huzungushiwa waya wa alumini na kukunjwa polepole, na baada ya miezi kadhaa waya huondolewa, tawi likabaki lilivyokunjwa. Samaki mkunje angali mbichi: methali hii sijaiona ikitimia wazi kama kwenye hothoni, kwa sababu tawi lake likishakomaa huvunjika kama kijiti cha kiberiti. Njia ya pili ni ya Wachina wa kusini, wa Lingnan. Unaliacha tawi likue mpaka lifikie unene unaotaka, unalikata, unachagua jicho linaloelekea unakotaka, unaliacha nalo likue, unakata tena. Kila mkato ni kona. Tawi la sentimita 15 laweza kuchukua miaka kumi.

Makosa nimefanya mengi, na yote yapo kwenye mti, hayafutiki. Mwaka 2000 nilisahau waya kwenye tawi la kushoto kwa majira mazima ya kiangazi. Gome likaumeza, na kovu lake lazunguka tawi hadi leo kama nyoka. Kwa miaka saba ya mwanzo sikupata ua hata moja, nikaulaumu mti, kumbe mwenye lawama ni mimi. Hothoni hutoa maua kwenye vijitawi vifupi vilivyokomaa, nami kila mwaka nilikuwa navipogoa nikidhani ninausafisha. Nilipoacha kuwa na haraka ya unadhifu, maua yalikuja. Ilikuwa Mei 2005.

Mzee aliyaona maua hayo, lakini hakukubali niuingize mti ndani ya nyumba. Watu wa vijijini huko huamini kwamba ua la hothoni likiingia ndani, huleta mauti. Nilidhani ni ushirikina mtupu mpaka nilipoinama kunusa. Harufu yake ina utamu, na chini ya utamu kuna kitu kingine, ambacho muuguzi hakikosei. Wakemia wameeleza: ua hilo lina trimethilamini, na kemikali hiyo hiyo hutokea mwili wa kiumbe unapoanza kuoza. Wazee wa zamani, waliokuwa wakilaza maiti zao nyumbani, waliijua harufu hiyo bila kuhitaji maabara. Kwa Waingereza ua hilo lina hata jina la mwezi, huliita mei. Ila siku hizi kwa kawaida halitoki tarehe mosi Mei kama nyimbo zao zinavyodai. Sababu mojawapo ni kwamba mwaka 1752 nchi hiyo ilibadili kalenda, siku 11 za Septemba zikarukwa, na Mei Mosi ikasogea mbele ya mti. Watu walibadili tarehe, mti haukupata habari.

Nirudi nyumbani kidogo, maana pasipo hapo sitaeleweka.

Babu yangu alikuwa na shamba la minazi na michungwa upande wa Muheza. Mpaka wake wa mashariki ulikuwa safu ya mkonge, na ng'ambo ya safu hiyo lilianza shamba kubwa la mkonge ambalo mwisho wake sikuwahi kuuona nikiwa mtoto. Mkonge si mmea wa kwetu. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ukitokea Florida kupitia Hamburg, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, utawala wa Kijerumani ulitoa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Kuthibitisha kwamba una mwenyewe kulihitaji karatasi, na babu zetu walikuwa na minazi, makaburi na kumbukumbu. Babu alikuwa akiniambia kwamba kisima cha mama yake kilikuwa ng'ambo ya ile safu ya mkonge. Alikionyesha kwa kidevu, hakunyoosha kidole. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa, lakini babu alikuwa amekwisha kufa, na kisima kilikuwa kimefukiwa.

Siku nilipoisoma habari ya makamishna na ramani za Helpston niliketi kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba waliotuchukulia ardhi walizaliwa na ardhi tele kwao. Kumbe maskini wa Kiingereza alikwisha kupitishwa njia hiyo hiyo kabla yetu: kwanza mila ikaambiwa si haki, kisha kikaja kipimo, kisha ua. Sisemi kwamba maumivu yalilingana. Mwingereza aliyefungiwa nje alibaki kuwa raia katika nchi yake, na sisi tuliambiwa kwamba hata nchi si yetu. Nasema tu kwamba dawa ilijaribiwa nyumbani kabla ya kuuzwa ng'ambo.

Basi mti wangu ni wa upande gani? Ulipandwa ili kufungia watu nje. Haukuchagua. Aliyeupanda bila shaka hakuwa mwenye ardhi, alikuwa kibarua kama Clare. Waliouweka hai kwa karne na nusu, kina Mzee na baba yake, hawakumiliki hata hatua moja ya ardhi ile. Mwenye hati ndiye aliyeung'oa kwa asubuhi moja. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi nikiwa na mkasi mkononi, na hapa ndipo nilipofika: mwenye kumiliki na mwenye kutunza mara nyingi si mtu mmoja, na karatasi humjua wa kwanza tu. Wa pili hujulikana na mti. Kila kona ya shina hili ni mkono wa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Hilo ndilo jibu langu kwa ndugu zangu. Sikuudumaza mti. Niliukuta umekatwa tayari na wengi walionitangulia, na badala ya kuuacha uchomwe moto pamoja na wenzake, nilikubali kuendeleza kazi yao kwa mkasi mdogo zaidi. Atakayesema kwamba hiyo nayo ni namna ya kuufunga mti, sitabishana naye. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana siku ya tarehe 19 Julai 2022, joto la Uingereza lilipovunja rekodi na kufika nyuzi 40.3, nilikaa nao kivulini tangu asubuhi hadi jioni nikiumwagilia kila saa. Mti ulio ardhini hujitafutia maji, lakini uliyemtia chunguni hana mwingine ila wewe.

Mzee alifariki mwaka 2009. Mazishini mjukuu wake wa kike, wakati huo binti wa shule, aliniuliza kama mti wa babu bado uko hai. Jumamosi iliyofuata alikuja kuuona, na akaendelea kuja. Leo ni mwalimu, ana watoto wake, na anaijua tabia ya mti kuliko mimi.

Nami huko Muheza naitwa. Dada yangu mkubwa, aliyelilinda shamba la babu miaka yote niliyokuwa ughaibuni, macho yamemwishia. Alinisomea kwa simu, kwa kukariri maana hawezi tena kuona, maneno ya hatimiliki ya kimila aliyopewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Hatimaye tunayo karatasi. Lakini aliyetunza ni yeye, na mimi nimekuwa nikituma fedha. Nikimwambia hivyo hucheka na kusema nisichelewe.

Rafiki mmoja alinishauri nichukue japo mbegu. Sitafanya hivyo. Mbegu ya hothoni mara nyingi huchukua miezi 18 kuota, na katikati yake lazima ipite baridi kali. Mti wenyewe usipolala katika baridi hudhoofika, na pwani ya Tanga haijui jalidi. Kuupeleka huko ni kuuua kwa kuupenda.

Februari iliyopita tulibadilisha udongo wake kwa mara ya mwisho tukiwa pamoja. Tuliutoa chunguni, tukapunguza mizizi, na mwalimu yule akashika msumeno mdogo mbele ya tawi la kushoto, lile lenye kovu la waya. Aliniuliza likatwe au libaki. Nilimwambia kwamba kuanzia siku hiyo swali hilo si langu. Alilitazama tawi kwa muda, akauweka msumeno chini, akaomba maji.